Mlonge, kitunguu saumu na zebaki: ninavyowalinda watu wa nyumbani kwangu Katoro

Mama mkwe wangu alikuwa anashika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na bado uji ulimwagikia kwenye khanga. Ilikuwa mwaka 2017. Tukasema ni uzee. Jirani akasema ni presha. Mimi nina miti sita ya mlonge nyuma ya nyumba, na wakati ule nilikuwa nauza unga wake sokoni hapa Katoro, mkoani Geita, kwa hiyo nikasema nitamtibu mwenyewe. Nilimkorogea kijiko cha unga wa mlonge asubuhi na jioni kwa miezi minne. Mikono haikutulia.

Aliyetufungua macho ni nesi mmoja wa zahanati, dada wa makamo. Kabla hajampima chochote aliniuliza: "Mama, kwenu dhahabu mnachomea wapi?" Nikamjibu bila wasiwasi kwamba tunachomea jikoni. Mume wangu ni mchenjuaji, yaani anakamata dhahabu ya kwenye mchanga kwa zebaki. Akirudi kutoka mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, na donge lake la zebaki na dhahabu, alikuwa analiweka kwenye kipande cha bati juu ya mkaa na kupuliza. Mama yake amekaa pembeni anaota moto. Watoto wanaingia na kutoka. Jiko la pili lina sufuria ya maharage, na mara nyingine haijafunikwa.

Namwandikia mtu aliye pale nilipokuwa mimi mwaka ule. Anaipenda mimea, anaijua, na hakosei kuithamini, ila anaanza na mlonge huku moshi bado uko jikoni. Mimea naitumia mpaka leo, kila siku. Nitaeleza ninavyoichuma, ninavyoikausha na ninavyoipika. Lakini nitaanza na moshi.

Kabla ya jani lolote

Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke usioonekana na usio na harufu. Ule moshi tunaouona ni wa mkaa. Mtu akivuta mvuke huo, karibu asilimia 80 ya alichovuta hubaki mwilini. Unapita kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unafika ubongoni, na kwa mjamzito unavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hakuna jani, mzizi wala mbegu inayoweza kusimama njiani kuuzuia. Miezi minne ile nilikuwa nampa mama mkwe mlonge mdomoni, na mwanawe mwenyewe, mume wangu, anaweka zebaki kwenye pumzi yake. Wote wawili tulikuwa hatujui.

Tulichofanya ni hiki. Dhahabu haikuchomwa tena nyumbani, hata uani. Mume wangu na wenzake watatu walichanga wakanunua retoti, yaani kile chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linaloupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Inatumika nje, mbali na nyumba za watu, na haifunguliwi ikiwa bado ya moto, maana kuifungua mapema ni sawa na kuchoma wazi. Nguo za kazi anazivulia huko huko na zina beseni lake. Hazichanganywi na nguo za watoto wala hazikung'utwi ndani.

Kisha jiko lenyewe. Mvuke uliopaa hupoa ukashika kwenye bati na kuta, ukaingia kwenye nyufa za sakafu, na siku ya joto unapaa tena. Tuliondoa tabaka la juu la udongo wa sakafuni likiwa limenyunyiziwa maji, tukafuta bati na kuta kwa matambara yaliyolowa, tukasakafia upya, na upishi ukahamia upande mwingine wa nyumba. Watoto na mama hawakuwepo siku hiyo. Usifagie mahali pa namna hii pakiwa pakavu. Ufagio hutawanya vile vitone vidogo na kulirusha vumbi hewani.

Risasi nayo, ile metali nzito ya kwenye betri, ina mlango wake. Mwaka 2010 kule Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sababu mawe ya dhahabu ya eneo lile yalikuwa na risasi nyingi, na yalisagwa majumbani, wakati mwingine kwa mashine zile zile za nafaka. Tangu nijue habari hiyo, kinu changu cha kutwangia mlonge hakiazimwi na mtu wa mawe hata kwa dakika tano. Na kwa ndugu wa pwani wanaodhani haya ni mambo ya machimboni tu, Owino Uhuru ya Mombasa iko katikati ya mji. Watu wake walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mama aliyeongoza madai yao, Phyllis Omido, alipata Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Mkataba huo unataka nchi zikomeshe kuchoma donge la zebaki wazi na kulichoma kwenye makazi ya watu. Ukiwa unapanga nyumba na mwenye nyumba anachomea uani, una haki ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na neno hilo mdomoni.

Mimea inasaidia vipi

Nimeuliza sana jambo hili, kwa mganga, kwa mfamasia, na kwa kijana mmoja mwanafunzi wa kemia aliyepanga kwetu. Nililolielewa ni hili. Zebaki na risasi hupenda kung'ang'ania salfa, na protini nyingi za mwili zinafanya kazi kwa kutegemea salfa yake. Metali ikikaa pale, kazi inasimama. Juu ya hilo, metali hizi huchochea kemikali kali zinazounguza chembe za ini, figo na ubongo, kama moto unaofuka chini ya majivu. Mimea mingi ya dawa ina vitu vinavyopoza moto huo, na michache, hasa kitunguu saumu, ina salfa yake yenyewe.

Risasi ina ujanja wa ziada: mwili huidhania kuwa kalisi, ukaiweka kwenye mifupa, ikakaa miaka na miaka. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi nyingi kuliko mwenzake aliyeshiba vizuri. Tumbo tupu pia hufyonza zaidi. Kwangu mimi hapa ndipo mmea unapopata kazi ya uhakika kabisa. Mboga ya majani yenye chuma na kalisi, ikiliwa na kitu chenye vitamini C, inaiziba ile njaa ambayo risasi ingeijaza.

Sasa dondoo. Dondoo ni kile kinachopatikana majani yakilowekwa kwenye maji au spiriti, yakachujwa, kisha maji yakakaushwa ikabaki dawa kali. Utasikia kwamba dondoo ya mlonge, manjano au chai ya kijani inalinda ini na figo dhidi ya risasi au kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Ni kweli imeonekana mara nyingi, kwa panya wa maabara. Kwa binadamu ushahidi ni mdogo. Ulio mzuri niujuao ni wa Iran: wafanyakazi wa kiwanda cha betri za magari, wenye sumu ya risasi isiyo kali sana, walipewa vidonge vya kitunguu saumu kwa wiki nne, na risasi katika damu yao ikapungua kwa kiasi kilichokaribiana na cha wenzao waliopewa dawa ya hospitali. Giligilani, ambayo inasifiwa kila mahali kuwa inaondoa metali mwilini, ilijaribiwa huko huko Iran kwa watoto wadogo wenye risasi, na haikuwa bora kuliko dawa ya kuigiza, yaani isiyo na dawa ndani. Giligilani naila kwenye kachumbari kwa sababu ni tamu.

Dondoo siichemshi nyumbani, na sinunui. Sababu yangu ni ya jikoni tu: kilo moja ya majani mabichi ya mlonge ikikauka hubaki robo kilo au pungufu. Kama majani yalikuwa na risasi kidogo, sasa kila kijiko kina risasi mara nne. Ukiendelea kukamua na kukausha, hujui tena umekusanya nini. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za asili za Kihindi zilizokuwa zinauzwa madukani Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki, ambayo nayo ni sumu. Kwa hiyo nakula mmea kama chakula, kwa kipimo cha chakula.

Mlonge, kuanzia mtini

Anza na udongo. Mlonge hunyonya kilichopo ardhini, na mchicha ndio kabisa. Mboga za bonde la Msimbazi kule Dar es Salaam zilipimwa zikakutwa na risasi. Mti wako ukiwa karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, au kwenye marudio, ule mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, kwenye maji yanayotoka mwaloni au kando ya barabara kuu, usiuvune kwa ajili ya kula. Nilikuwa na mti wa saba, mkubwa kuliko yote, mita chache tu kutoka pale zamani walipokuwa wanaosha mchanga. Niliukata. Uliniuma, maana ndio ulikuwa unazaa majani mengi wakati wa kiangazi.

Kama huna kiwanja kisafi, panda kwenye viroba. Jaza udongo uliotoka mbali na machimbo, changanya na samadi, weka kiroba juu ya tofali kisiguse ardhi. Mlonge wa kirobani hauwi mti, lakini ukiupunguza kila ukifika kiunoni unatoa majani laini ya kutosha familia ya watu watano.

Nachuma asubuhi umande ukishakauka, matawi machanga, sichukui majani yaliyoanza kugeuka njano. Kisha naosha mara tatu, na hapa sitaki mtu aruke. Risasi nyingi tunayoila pamoja na mboga haipo ndani ya jani bali juu yake, kwenye vumbi. Beseni la kwanza maji hutoka na rangi ya udongo wetu mwekundu. La pili yanakuwa kama chai iliyopauka. La tatu unaona kitako cha beseni. Yasipokuwa hivyo, naosha la nne.

Naning'iniza matawi mpaka yamalize kuchuruzika, napukuchua majani, nayatandaza kwenye chandarua safi kilichofungwa juu ya fremu ya mbao, ndani ya chumba chenye dirisha pande mbili. Jua la moja kwa moja linapausha majani na kuua vitamini, na uani kuna vumbi. Nageuza mara mbili kwa siku. Siku ya tatu au ya nne jani linavunjika likishikwa na kutoa sauti ndogo kama ya karatasi. Likijikunja bila kuvunjika bado lina maji, na ukilitwanga hivyo litaota ukungu koponi. Natwanga, nachekecha, naweka kwenye kopo la bati lenye kifuniko, mahali pa giza, na naandika tarehe kwa kalamu. Ukizidi miezi sita naumwaga shambani.

Mtu mzima nampa kijiko kimoja cha chakula kwa siku, mtoto aliyepita mwaka mmoja kijiko cha chai. Unaingia kwenye uji au maharage chungu kikishaepuliwa, siupikii. Kisha nakamua ndimu, au watoto wanapata pera au juisi ya ubuyu, maana vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kuchukua chuma cha majani. Chai ya rangi inasubiri saa nzima baada ya chakula, kwa sababu chai inakizuia chuma kile kile unachokihangaikia. Na hakuna anayetoka kwangu kwenda duarani, kwenye shimo la machimbo, au shuleni na tumbo tupu.

Pamoja na mlonge, dagaa. Si mmea, lakini siwezi kuwaacha. Dagaa anatafunwa na mifupa yake, na mifupa ni kalisi. Pia ni samaki mdogo wa maisha mafupi. Samaki mkubwa anayekula wenzake ndiye anayekusanya zebaki zaidi. Waoshwe vizuri, kwani wengi huanikwa chini kwenye mchanga.

Mizizi na magome ya mlonge usimpe mtu, na hasa mjamzito, kwani yana vitu vinavyoweza kuharibu mimba. Mwenye dawa za kisukari au presha amwambie daktari kabla ya kuanza unga kila siku, maana mlonge nao hushusha sukari na presha.

Mbegu za mlonge watu wananiuliza kuhusu maji. Ndiyo, mbegu zilizomenywa na kusagwa, ukikoroga na kuacha maji yatulie saa moja au mbili, huukamata udongo ukazama, na metali iliyoshikana na udongo huo inazama nao. Iliyoyeyuka ndani ya maji inaweza kubaki. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, metali haiguswi, na maji yakipungua metali inazidi kukolea. Maji ya kisima kilicho chini ya mwalo usiyanywe hata ukiyawekea mbegu.

Kitunguu saumu, manjano na choya

Kitunguu saumu nasaga punje mbili tatu kwa kila mlo wa mtu mzima, na nasubiri dakika kumi kabla ya kukigusisha moto. Ile harufu kali inatengenezwa baada ya kukiponda, na moto ukiwahi unaizuia kutengenezeka. Kingine nakitia mwishoni kikiwa kibichi. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi asizidishe.

Manjano nunua vidole vizima, uvisage mwenyewe. Kule Bangladesh mwaka 2019 ilibainika kwamba wafanyabiashara walikuwa wanayapaka manjano rangi ya risasi ili yang'ae, na serikali ikawabana mpaka jambo likakoma. Unga wa manjano unaong'aa kama rangi ya ukutani mimi naupita.

Choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, na ukwaju vina ukali, yaani uchachu, unaopendeza, lakini ukali huo huo unakula sufuria. Sufuria zetu nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa aluminiamu ya chakavu, na chakavu kinaweza kuwa na betri na vipuri vya injini ndani yake. Zilizopimwa, za nchi kadhaa za Afrika zikiwemo zetu, zilikutwa zikitoa risasi kwenye chakula chenye ukali. Choya yangu nailoweka kwenye maji ya moto ndani ya jagi la kioo, na ukwaju vivyo hivyo. Nyanya naipikia kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Ni moja tu ninayo, niliinunua kwa pesa ya mlonge.

Wadogo zangu wajawazito, pemba ninawaomba muiache. Udongo ule wa vijiti tunaouziwa sokoni ulipimwa hapa hapa Geita ukakutwa na arseniki na metali nyingine. Ile hamu ya udongo mara nyingi inakuja na upungufu wa damu. Ukiisikia, nenda kliniki upimwe damu, na uendelee na vidonge vya chuma ulivyopewa, hata kama unakula mlonge.

Siku ya kwenda hospitali

Usingoje mimea ifanye kazi ukiona haya: mikono kutetemeka, mwandiko kubadilika, usingizi kupotea, hasira au aibu isiyo ya kawaida kwa mtu, ufizi kuvimba, ladha ya chuma mdomoni. Kwa mtoto ni tumbo kuuma mara kwa mara, choo kigumu, uvivu wa kucheza, kusahau maneno aliyokwisha kuyajua. Degedege ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Mvuke wa zebaki hupimwa kwenye mkojo, risasi hupimwa kwenye damu. Zahanati nyingi haziwezi, kwa hiyo omba rufaa, na uulize kama sampuli inaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye kwa Kanda ya Ziwa ana ofisi Mwanza. Zipo dawa za hospitali zinazoikamata metali na kuitoa kwa mkojo. Hizo ni za daktari, na daktari mzuri atakuuliza kwanza kama mgonjwa ameshatolewa kwenye sumu.

Mama mkwe hakuhitaji dawa hizo. Zebaki ya aina ile mwili huipunguza kwa nusu katika takriban miezi miwili, mradi usiongeze nyingine. Tuliondoa moto wa dhahabu nyumbani mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi alikuwa anashika kikombe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unatetemeka kidogo tu akichoka. Mlonge aliendelea kuula muda wote huo, na anaula hadi leo.

Ukienda, mwambie daktari kazi ya kila mtu wa nyumba, mahali dhahabu inapochomwa, maji mnakochota, na mimea yote unayotumia kwa jina na kwa kijiko. Chukua na lile kopo lenyewe. Kopo langu nesi yule alilifungua, akanusa, akaniuliza mti uko wapi, na ni swali lake hilo lililonifanya niukate ule wa saba.